Gunia Moja, Nia Moja: Kununua kwa Jumla katika Nyumba ya Kikristo



Katika somo letu la leo tutaangalia jambo ambalo halitajwi sana katika mafundisho ya ndoa, ingawa linagusa kila nyumba na kila siku. Nalo ni ununuzi wa vitu vya nyumbani: unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, chumvi na kadhalika. Katika semina za ndoa tunafundishwa mengi juu ya uaminifu, sala na malezi ya watoto, na ni haki kabisa kufanya hivyo. Lakini ugomvi mwingi wa nyumbani hauanzii kwenye mambo hayo makubwa. Unaanza jioni, giza likiingia, mama anaposema, "Baba watoto, sukari imekwisha," naye baba anajibu, "Mama watoto, si juzi tu nilitoa pesa ya sukari?"

Tuangalie vizuri mazungumzo hayo. Hapo hakuna mwongo. Mama anasema kweli kwamba sukari imekwisha, na baba anasema kweli kwamba pesa alitoa. Kumbe wote wawili wana haki, na bado watalala wamenuniana. Mara nyingi kinachowakosanisha si ubaya wa mmoja wao, bali ni namna ya kununua ambayo wameizoea bila kuifikiria. Basi leo tuifikirie pamoja.

1. KIDOGO KIDOGO HUGHARIMU KIASI GANI?

Familia nyingi za Kenya, hasa mijini, zinaishi kwa kile tunachokiita uchumi wa kadogo. Mtoto anatumwa dukani kuleta mafuta ya kupima, jioni hiyo hiyo anarudi kuleta robo ya sukari, kisha anarudi tena kuleta kipande cha sabuni. Hatusemi kwamba mwenye duka ni mwizi. Yeye ananunua kwa bei ya jumla, analipa usafiri na kodi ya nyumba, anapima, anafunga, na kidogo kinamwagika. Tena anavumilia wateja wasiolipa madeni. Gharama hizo zote lazima azirudishe katika kila kipimo anachouza. Kwa hiyo anayenunua mara nyingi kwa vipimo vidogo anazilipa mara nyingi pia.

Tufanye hesabu. Bei tutakazotumia hapa ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei za soko lenu.

Mafuta: Tuseme kipimo cha mililita 50 kinauzwa shilingi 20. Lita moja ina vipimo hivyo 20, kwa hiyo lita moja ya mafuta ya kupima ni shilingi 400. Kama jerikeni ya lita 5 ni shilingi 1,500, hapo lita moja ni shilingi 300. Nyumba inayotumia vipimo viwili kila siku inamaliza lita 3 kwa siku 30. Kwa kupima italipa shilingi 1,200, lakini kwa jerikeni ni kama shilingi 900. Tofauti ni shilingi 300.

Sukari: Tuseme robo kilo ni shilingi 45. Basi kilo ni shilingi 180. Kama gunia la kilo 50 ni shilingi 7,000, kilo moja ni shilingi 140. Nyumba inayotumia kilo 6 kwa mwezi italipa shilingi 1,080 kwa robo robo, au shilingi 840 kwa bei ya gunia. Tofauti ni shilingi 240.

Sabuni: Tuseme mche mzima ni shilingi 150, na ukikatwa vipande 5 kila kipande ni shilingi 40. Vipande vyote ni shilingi 200. Kwa miche 2 kwa mwezi tofauti ni shilingi 100.

Jumla ya hizo tatu ni shilingi 640 kwa mwezi, yaani shilingi 7,680 kwa mwaka. Na hatujagusa unga, maharagwe, mchele wala makaa. Wengi wetu tunajua maana ya kiasi hicho mwezi wa Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza jina la Njaanuari, wakati karo, sare na vitabu vinapodaiwa kwa siku moja. Pesa za sare zilikuwamo nyumbani mwaka mzima, ila zilitoka shilingi kumi kumi, wala hakuna aliyeziona zikitoka.

2. MAANDIKO MATAKATIFU YANASEMAJE?

Mtu anaweza kuuliza: Je, kuweka akiba ya chakula si kukosa imani, maana Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa kila siku? Swali hilo ni zuri, na Biblia inatufundisha pande zote mbili.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, tunamwona Yosefu akimshauri Farao akusanye sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, ili nchi isiangamie katika miaka saba ya njaa. Akiba ile iliwaokoa Wamisri, na iliwaokoa hata ndugu zake Yosefu waliomuuza. Kwa hiyo kuweka akiba si dhambi.

Lakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli waliobakiza mana mpaka asubuhi bila kuagizwa waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Hata hivyo siku ya sita waliruhusiwa kuokota mara mbili kwa ajili ya siku ya Sabato, na hiyo haikuoza. Tunajifunza kwamba akiba yenye sababu na mpango ni baraka, bali akiba ya woga na uchoyo huoza mikononi mwa mwenyewe.

Tena kuna yule tajiri mpumbavu katika Injili ya Luka, sura ya 12, aliyetaka kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi. Ukisoma kwa makini utaona kwamba mtu yule hazungumzi na mke, wala mtoto, wala jirani. Anazungumza na nafsi yake tu. Hilo ndilo kosa la kujihadhari nalo. Ghala ya nyumba ya Kikristo huzungumziwa na wawili, na mlango wake unajulikana na jirani mwenye shida.

Kanisa nalo limefundisha hivyo kwa muda mrefu. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alidai mfanyakazi alipwe mshahara wa kutosha kutunza familia yake, kisha akamshauri mfanyakazi huyo abane matumizi ili aweke akiba kidogo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Hatuwezi kumhubiria akiba mtu ambaye tumemnyima mshahara wake. Wale wanaoajiri wasaidizi wa nyumbani na vibarua wa shamba walikumbuke hilo kwanza.

3. MSINGI NI KUAMINIANA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Ziko nyumba zinazonunua kidogo kidogo kwa sababu ya umaskini, na tutazizungumzia. Lakini ziko nyumba nyingine ambazo mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, na bado mama anaachiwa noti ya shilingi 200 juu ya meza kila asubuhi. Kwa nini? Ni kwa sababu baba hataki mke wake ashike pesa nyingi kwa mara moja. Anaogopa kwamba zitapelekwa kwa kina mama mkwe, au kwenye chama, au kwa mtumba. Kwa hiyo anakubali kununua kwa bei ya juu mwaka mzima, mradi tu mkono wake ubaki juu.

Upande wa mama nako kuna shida zake. Wako akina mama wanaopewa pesa ya mwezi, wakaficha nusu, kisha wakasema vitu vimepanda. Wengine hutoa sukari ya nyumbani na kuipima kwa jirani kwa siri ili wapate pesa za mfukoni. Mara nyingine mama hufanya hivyo kwa sababu hana senti anayoweza kuiita yake, na hata akitaka kununua dawa ya kichwa ni lazima aombe. Siri hiyo ni mbaya, lakini chanzo chake nacho ni kibaya.

Wapendwa, gunia la kilo 90 haliwezi kusimama katika nyumba isiyo na kuaminiana. Someni sura ya 31 ya kitabu cha Methali, ile inayomsifu mke mwema. Inasema habari za kuleta chakula kutoka mbali, kuamka kabla ya mapambazuko, kununua shamba na kuwanyoshea maskini mkono. Lakini kabla ya hayo yote, mwanzoni kabisa, inasema kwamba moyo wa mume wake unamwamini. Kuaminiwa kumetangulia, na ununuzi umefuata.

Basi kabla ya kwenda kwa duka la jumla, kaeni chini wawili, watoto wakiwa wamelala, mkiwa na daftari na kalamu. Kila mmoja aseme wazi anapata kiasi gani na anadaiwa kiasi gani, hata madeni ya mikopo ya simu ambayo mwenzake hayajui. Andikeni vitu vyote mlivyotumia kwa wiki mbili, mpaka njiti za kiberiti. Wengi watashangaa kuona mahali pesa zilipokuwa zikipotelea. Baba atagundua kwamba shilingi 200 hazitoshi, na mama atagundua kwamba baba hana ghala ya pesa mahali fulani. Zoezi hilo peke yake, hata kabla ya kununua kitu chochote, linaponya mengi.

Ikiwa hofu bado ipo, anzeni na kitu kimoja tu. Baba atoe pesa ya jerikeni moja ya mafuta, na waende kununua pamoja. Imani hujengwa polepole kama nyumba ya mawe.

4. NINI KINUNULIWE KWA JUMLA NA NINI KISINUNULIWE?

Si kila kitu hufaa kununuliwa kwa wingi. Tumieni kipimo hiki cha maswali matatu: Je, hakiozi? Je, tunakitumia kila wiki? Je, bei ya kilo au ya lita kweli imepungua? Kama jibu moja ni hapana, acheni. Wakati mwingine pakiti kubwa dukani haina nafuu yoyote kuliko ndogo. Gawanyeni bei kwa uzito kabla ya kulipa.

Vinavyofaa: sabuni ya mche, chumvi, viberiti, karatasi za choo, mchele, maharagwe, ndengu, mahindi, sukari, mafuta ya kupikia na makaa. Sabuni ina faida nyingine. Ukiikata na kuianika mahali penye hewa inakauka na kuwa ngumu, nayo haiyeyuki upesi ndani ya maji.

Vya kuangalia: unga wa kusaga wenyewe kwenye kisiagi bila kukoboa haukai muda mrefu, kwa maana kiini cha punje kina mafuta, nao huanza kuwa chungu. Wekeni mahindi, msage ya wiki mbili au tatu. Maharagwe nayo yakikaa muda mrefu huwa magumu kuiva, na faida yote inamalizwa na gesi au makaa.

Visivyofaa: nyanya, mboga za majani, maziwa na mkate. Hivyo acheni viendelee kununuliwa kila siku kwa mama mboga. Na hapa akina baba sikilizeni vizuri. Wako wanaume ambao wakishanunua gunia la mahindi wanaona wamemaliza kazi ya mwezi. Mama akiomba pesa ya sukuma wiki, anajibiwa, "Si nilileta gunia?" Gunia halina kitunguu ndani yake, wala maziwa ya mtoto. Mnapopanga bajeti, pesa ya mboga ya kila siku itengwe kwanza, kisha ndipo mjue kiasi cha kununulia kwa jumla.

Wakati wa kununua nao ni muhimu. Katika sehemu za Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, na wakati huo bei huwa chini. Kufika Mei, Juni na Julai, ghala za wengi zimekwisha na bei hupanda. Gorogoro moja ya mahindi ina karibu kilo 2 au zaidi kidogo, na gunia la kilo 90 lina gorogoro kati ya 40 na 45. Nyumba inayotumia gorogoro moja kwa siku mbili itakula gunia hilo karibu miezi mitatu. Kwa hiyo magunia mawili yaliyonunuliwa wakati wa mavuno yatawavusha miezi kama sita.

Tukumbuke tena kwamba nafuu yetu isiwe jasho la mwingine. Mkristo asimlazimishe mkulima wa viazi kumjazia lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 kuhusu viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na hata bila kanuni, kumpunja mkulima ni dhambi.

5. KWA WANAOPATA PESA ZA SIKU

Wengine watasema, "Mwalimu, maneno hayo ni ya wenye mishahara. Sisi tunapata kibarua leo, kesho hatupati." Ni kweli, na hakuna anayepaswa kuona haya kwa kununua cha kadogo. Lakini hata hapo kuna njia, kama wawili watakubaliana.

Tufikirie nyumba moja ya fundi wa mjengo na mke wake anayefua nguo za watu. Wanakubaliana kuweka shilingi 20 kila siku wanayopata kazi, labda kwa kuacha soda au andazi la asubuhi. Tuseme mwezi huo kazi ilikuwapo kila siku. Kwa siku 30 wana shilingi 600. Wananunua miche 2 ya sabuni kwa shilingi 300, na wanabaki na 300. Mwezi wa pili hawanunui vipande, kwa hiyo zile shilingi 400 za vipande wanaziweka kwenye kopo. Pamoja na 600 za mwezi na zile 300, kopo lina shilingi 1,300. Wanatoa 300 za sabuni ya mwezi unaofuata, na zinabaki 1,000. Mwezi wa tatu wanaongeza 400 na 600, zinakuwa 2,000. Wananunua sabuni tena, zinabaki 1,700. Sasa wanaweza kununua jerikeni ya mafuta ya shilingi 1,500, na bado wana 200 kwenye kopo.

Ikiwa kazi ilikosekana siku nyingine, safari itachukua miezi minne au mitano, lakini itafika. Haba na haba hujaza kibaba.

Msikope pesa kwa simu ili mnunue kwa jumla. Mkopo wa mwezi mmoja unaweza kula nafuu yote na kuzidi. Na kama mnadaiwa dukani, lipeni deni hilo kwanza. Yule mwenye duka aliyewaandika kwenye daftari mtoto alipokuwa mgonjwa ni jirani yenu. Kumkimbia na kwenda kununua kwa jumla mjini, huku daftari lake lina jina lenu, si busara bali ni ukosefu wa haki.

6. KUHIFADHI NI KULINDA UHAI

Anayenunua mengi ana wajibu wa kuhifadhi vizuri. Jambo hili si la usafi tu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho sikuzote, na moto wa jiko hauiondoi. Kwa hiyo:

- Msinunue mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo, hata yakiwa rahisi namna gani. Wala msiwape kuku au ng'ombe.

- Mahindi yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, tieni punje na chumvi kavu kidogo, mtikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yaanikeni tena juu ya turubai, si juu ya udongo.

- Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yawekwe juu ya mbao, mahali penye hewa, mbali na paa linalovuja.

- Ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na gunia nje, husaidia sana. Ikifungwa vizuri, fukusi na dumuzi hukosa hewa na kufa bila dawa. Lakini nafaka iwe kavu kwanza.

- Sabuni na mafuta ya taa visikae karibu na unga wala mchele. Mafuta ya kupikia yakae mahali penye giza, mbali na jiko.

- Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Andikeni tarehe juu ya kila mfuko.

Tena kuna adui asiye panya wala fukusi, naye ni mkono mzito. Watu wakiona jerikeni imejaa, wanamimina. Wakiona gunia la sukari, chai inakuwa asali. Hapo hakuna kilichookolewa. Mama apime matumizi ya wiki na kuyaweka katika kopo la jikoni, na kilichobaki kifungwe. Baba naye asiwe wa kwanza kudai kijiko cha nne.

7. JUMUIYA NDOGO NDOGO NA UNUNUZI WA PAMOJA

Maaskofu wa nchi za AMECEA, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Basi jumuiya isiwe ya kusali rozari na kuchangia mazishi tu. Familia tano zinaweza kununua gunia moja la sukari la kilo 50 na kugawana kilo 10 kila moja. Kwa bei yetu ya mfano kila familia inatoa shilingi 1,400, na hakuna iliyolemewa. Lakini fuateni sheria hizi:

Kwanza, watu wawili kutoka nyumba mbalimbali waende kununua, na warudi na risiti. Pili, gunia lipimwe na kufunguliwa mbele ya wote. Tatu, hakuna kukopeshana. Aliyelipa ndiye anayepata. Nne, pesa hizo zisichanganywe kamwe na sadaka au mchango wa jumuiya. Tano, anayesafiri arudishiwe nauli yake wazi, ili asijilipe kwa siri.

Na mkishagawana, wekeni fungu la maskini. Kila familia ikitoa kikombe kimoja, mjane wa jumuiya au mzee asiye na mtu atapata sukari ya mwezi. Kwa njia hiyo nafuu yetu inageuka kuwa sadaka.

8. HATARI ZA KUEPUKA

Msinunue kwa hofu. Mwezi Machi mwaka 2020, virusi vya korona vilipotangazwa nchini, wengi walikimbilia madukani wakabeba unga na karatasi za choo kuliko mahitaji yao, na aliyekuja jioni na pesa za kibarua akakuta rafu tupu. Kununua kwa mpango kunaacha cha wengine, bali kununua kwa hofu kunawanyang'anya.

Msifanye stoo kuwa gereza. Ufunguo usiwe wa mmoja ambaye mwenzake lazima ampigie magoti. Mgeni akija, au mama mzazi wa upande wowote akija, akute mkono uliofunguka. Ni afadhali kupanga kabla: kiasi hiki ni cha wageni, kiasi hiki ni cha wazazi wa pande zote mbili, kwa haki. Familia nyingi zimegombana si kwa sababu gorogoro moja ilienda kwa mama mkwe, bali kwa sababu ilienda kwa siri.

Na ikiwa mmoja ana shida ya pombe au kamari, hata kufikia kuuza chakula cha nyumba, hapo tatizo si la gunia tena. Msiweke akiba kubwa nyumbani. Tafuteni msaada wa padre, wa wasimamizi wenu wa ndoa au wa mshauri mnayemwamini, mapema, kabla watoto hawajalala njaa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, ni kitu gani kimoja kinachotuletea maneno kila kinapokwisha? Tunakinunuaje?
2. Je, kila mmoja wetu anajua mwenzake anapata kiasi gani na anadaiwa na nani?
3. Je, mama wa nyumba hii ana pesa kidogo anayoweza kuitumia bila kuomba? Na baba je?
4. Ni jirani gani anayeweza kufaidika na akiba yetu?

AZIMIO LA MWEZI

Mume na mke wachague kitu kimoja, kimoja tu, waandike bei ya kadogo na bei ya jumla, na waende kukinunua pamoja. Tofauti iwekwe kwenye kopo, na wote wawili wajue kilichomo.

SALA

Ee Mungu Baba, uliyewalisha watu wako jangwani na kumpa Yosefu hekima ya kuweka akiba, tubariki sisi tuliounganishwa katika sakramenti ya ndoa. Utuondolee siri na dhana mbaya juu ya pesa. Utupe mikono ya kupima kwa haki na ya kugawa kwa ukarimu. Ghala yetu isikose chakula, na meza yetu isikose amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.